Asali ya Mkwe kwenye Bomba la Mvuke

Kuna watu huku kwetu mpaka leo wakiniona napita wananusa hewa kwanza, halafu wanacheka, na mimi nacheka nao kwa sababu sina namna nyingine, aibu ikishakuwa ya mji mzima unaizoea tu. Najua mmeshasikia ya kuongezwa chumvi (wapo wanaosema nyuki walivamia kituo kizima cha umeme, jamani, hakukuwa na nyuki, au labda wawili), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyeyafanya, niimeze aibu yangu yote kwa mkupuo mmoja.

Mimi naitwa Elisha, nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha kuzalisha umeme, nje kidogo ya mji wa Singida, ubavuni mwa kinu cha kukamua alizeti. Maganda yanayobaki kinuni hayatupwi, yanaletwa kwetu yanachomwa chini ya boila, boila linachemsha maji, mvuke unapita kwenye bomba nene la chuma unakwenda kuzungusha mtambo, umeme unarudi kinuni na unaobaki unakwenda kwenye nyumba za jirani. Ndiyo kazi yetu yote hiyo, ukiielewa hapo umeielewa.

Sasa, chuma nacho kinachoka. Watu wengi hawajui hili, mimi mwenyewe sikujua mpaka niliposomeshwa. Chukua kipande cha waya ukikunje, ukinyooshe, ukikunje tena, ukinyooshe, mwisho kinakatika mkononi mwako bila hata kutumia nguvu. Bomba la mvuke ndivyo lilivyo, likipata moto linatanuka, likipoa linasinyaa, na ukilipoza ghafla ghafla kila mara linachoka ndani kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, mpaka siku linapasuka, na ukiwa karibu siku hiyo utasimulia huko mbinguni. Kwa hiyo wenye kituo wakaleta mfumo wa kompyuta. Vihisi vidogo vimebandikwa kwenye bomba, nyaya zinakuja mpaka kwenye chumba changu, na programu inafuatilia joto linavyopanda na kushuka, inapiga hesabu zake, inakwambia chuma kimechoka kiasi gani na kimebakiza nguvu gani. Na mtu wa kukaa mbele ya hiyo programu ni mimi.

Wenzangu wa kwenye moto waliniita Mtazama TV. Wanaingia wamejaa masizi na jasho wanikute nimevaa sweta, kikombe cha chai pembeni, wananiuliza, "Elisha, leo wanaonyesha nini?" Nilikuwa nacheka, lakini iliniuma, na moyoni niliomba siku moja ile kompyuta ikamate kitu, hata kidogo, ili wajue na mimi nafanya kazi (na Mungu wetu huyu anasikia hata dua za kijinga).

Mkubwa wa moto alikuwa Mzee Mkumbo, Mnyiramba wa Nduguti, mtu wa maneno machache na kicheko cha mara moja kwa mwaka. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Na huyu Mzee Mkumbo ndiye baba yake Ester, na Ester ndiye mchumba wangu. Posa ilikuwa imeshapokelewa, tumeshaongea yote, kimebaki kitu kimoja tu, Jumamosi jioni niende nyumbani kwao nikaonyeshwe kwa ndugu, na mkononi nibebe asali. Mzee alituma neno kupitia kwa mshenga kwamba suti hataki, makreti ya soda hataki, aletewe asali ya Itigi, asali ya kweli, siyo ile ya barabarani iliyokorogwa na sukari.

Hapo nilijiona nimeshinda, kwa maana mama yangu anakaa Mitundu na ukoo wetu wote ni watu wa mizinga. Mama akanitumia kwa basi kindoo cha bati chenye mfuniko, kizito, kimefungwa kwa kitambaa. Lakini mnajua baridi yetu ya katikati ya mwaka, na ule upepo wa Singida usiokuwa na adabu. Nilipofungua mfuniko nikakuta asali imeganda, imefanya chenga chenga, nyeupe juu kama samli. Sisi watu wa nyuki tunajua hiyo ndiyo asali yenyewe, asali nzuri lazima igande kwenye baridi. Ila nenda kamweleze mtu mwingine! Akiona chenga tu anasema hii imetiwa sukari, na mkwe wangu alikuwa ameshalitaja hilo neno sukari kwa mdomo wake.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwambia asali imeganda.

"Si uiyeyushe, mwanangu."

"Niiweke jikoni?"

"Weee! Asali haipikwi. Loweka gunia kwenye maji, uifunge nalo, uikaribishe kwenye joto. Gunia likikauka itoe, uliloweke tena, uikaribishe. Ndivyo hivyo, pole pole, mpaka ijilegeze yenyewe. Ukiipika inakuwa chungu, na ukiipika nitajua hata nikiwa huku huku."

Hiyo kazi ya kuikaribisha na kuitoa inataka mtu ashinde nayo, na mimi nashinda kazini. Kwa hiyo (na hapa ndipo nilipojimaliza, uamuzi wenyewe mdogo hivi) nikaona nikienda nayo kazini kuna ubaya gani? Kituo kizima ni joto tupu. Na nilikuwa nimeshapaona mahali. Nyuma ya ngazi, karibu na bomba la maji ya kunawia, bomba kuu la mvuke linapita chini chini, na pote limevishwa koti nene la kuzuia joto, isipokuwa pale wale mafundi wa mfumo walipoacha kidirisha cha ukubwa wa sahani, kuna kachuma ka kuegemeza kitu, na kawaya kembamba kanakoingia ndani ambako sikukajali. Joto lipo, maji ya kulowekea gunia yapo, na hakuna anayepita. Nikasema Mungu ananipenda.

Mwanzoni mwa wiki nikaanza. Nalitumbukiza gunia kwenye maji, nafunga kindoo, nakibana pale kwenye kidirisha, linatoa sauti ya psss, natulia, narudi kwenye kiti changu. Baadaye natoka kama naenda kujinyoosha, naitoa, naloweka, naikaribisha. Hata siku yenyewe haijaisha, kompyuta yangu ikalia.

Jamani, nilifurahi! Tahadhari ya njano, imeandikwa sehemu iitwayo Kona B joto linashuka ghafla na uchovu wa chuma unaongezeka. Nikaruka mpaka kwa Meneja Shabani bila hata kuvaa viatu vizuri. "Meneja, mfumo umekamata kitu!" Naye akaja kusimama nyuma yangu, na mimi nikamweleza kwa sauti ya mtaalamu, nimenyoosha kidole kwenye skrini, kwamba bomba linapozwa kwa vipindi, ni kama kuna mtu anakunja waya na kuunyoosha. Kona B kwenye mchoro ilionekana karibu na boila, na mchoro wenyewe unatosha kwenye kiganja, kwa hiyo kichwani mwangu Kona B ikawa kule juu, kwenye moto. Kwenda kuangalia kwa macho sikwenda. Mimi ni mtu wa skrini, niende kwenye masizi kufanya nini?

Meneja akampigia Injinia Zuhura, yule dada wa Dar es Salaam aliyekuja kutufungia mfumo, akaweka sauti ya juu na mimi nisikie.

"Hapo mnatumia maji gani kujazia boila?" Zuhura akauliza. "Inawezekana kuna mtu anaingiza maji ya baridi kwa pupa. Au anaacha moto unalegea halafu anauchochea kwa fujo. Nani yuko kwenye moto?"

Meneja akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Mzee Mkumbo," nikasema.

Basi. Nilitaja jina tu nikanyamaza. Sikusema kwamba ni mtu makini, sikusema kwamba simjui kwa pupa hata ya kula. Meneja akashusha pumzi, akasema, "Mzee amezeeka," na mimi nikakaa kimya, nikijiambia kwamba mfumo hauna ndugu wala hauna mkwe, mfumo unasema kilichopo.

Lakini nilipobaki peke yangu moyo ulianza kunidunda. Nilikuwa namchongea baba mkwe wiki ile ile ya kwenda kwake! Nikawaza, sasa angalau hiyo asali iwe safi kuliko asali zote zilizowahi kuingia nyumba ile, ili hata mambo yakiharibika kazini, nyumbani nibaki na cha kunitetea. Kwa hiyo nikaongeza bidii. Nilikuwa natoka kila mara, natoa, naloweka, nakaribisha. Na kadiri nilivyoongeza bidii ndivyo tahadhari zilivyozidi, njano ikawa ya machungwa, ya machungwa ikaelekea nyekundu, na kadiri zilivyozidi ndivyo nilivyoingiwa na hofu, na nikiingiwa na hofu nakimbilia kwenye asali yangu. Mnaona nilivyokuwa nazunguka mwenyewe kama ng'ombe wa kukamulia mafuta?

Kabla wiki haijaisha Meneja akaniita akafunga mlango. Akaniambia ameamua kuitisha kikao Jumamosi asubuhi, wafanyakazi wote pamoja na wawakilishi wa wakulima, kwa sababu tukizima boila kukagua bomba, kinu nacho kinasimama, na huu ndio msimu, alizeti ya watu imepangwa magunia kwa magunia nje inasubiri. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na Mzee Mkumbo namtoa kwenye moto. Nitamtangaza hapo hapo, watu wajue tumechukua hatua. Usimwambie."

Nikasema, "Sawa, Meneja." Hicho ndicho nilichosema. Mtu karibu anastaafu, ameshika moto miaka yote hiyo bila kumuunguza mtu, aondoke huku watu wanamnyooshea kidole kwamba ndiye aliyechosha bomba. Mchana huo nilikutana naye kwenye kunawa mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeme unatoka?"

"Unatoka, baba."

"Asali?"

"Ipo, baba."

Akanawa, akajifuta, akaondoka. Na kindoo chenyewe kilikuwa hapo hapo nyuma ya ngazi, upande wa pili wa mgongo wake. Nilitamani ardhi inimeze, na hapo hata sijajua kosa lenyewe liko wapi.

Jumamosi ikafika. Injinia Zuhura alikuwa amekuja tangu jana yake, kwa treni mpaka Dodoma akamalizia na basi, akafunga televisheni kubwa kwenye ukumbi wetu wa kulia chakula na kuiunganisha na mfumo, ili watu waone mstari wa joto mubashara na waamini. Mimi ndiye niliyepewa kuelezea. Nilivaa shati la kwenda ukweni kabisa, nikapanga nikitoka kikaoni napitia kindoo changu naelekea kuoga na safari. Asali ilikuwa imeshayeyuka yote, imebaki tope kidogo chini, kwa hiyo kabla ya kikao nikaibana kwenye kidirisha kwa mara ya mwisho, nikijua kikao ni kifupi.

Kikao kifupi! Nilisahau niko nchi gani. Kwanza sala, ya Wakristo na ya Waislamu. Halafu utambulisho. Mwenyekiti wa wakulima akamtambulisha katibu wake, katibu akamtambulisha mweka hazina, mweka hazina akaomba dakika moja ya kumtambulisha mama mmoja aliyelima alizeti vizuri kuliko wote, na huyo mama akasimama akasalimia kwa wimbo. Mimi nimekaa mbele, natabasamu, huku kichwani naliona gunia linakauka. Limekauka. Sasa linaanza kuungua. Nikasikia sauti ya mama yangu kutoka Mitundu, ukiipika nitajua.

Mbele kabisa, kiti cha kwanza, alikuwa amekaa Mzee Mkumbo amevaa ovaroli iliyofuliwa na kupigwa pasi, mikono juu ya magoti.

Hatimaye nikapewa nafasi. Nikaanza na waya wangu wa kukunja, watu wakaupenda, nikawaonyesha mstari kwenye televisheni, nikawaambia huu wa juu ni joto la boila na huu wa chini ni Kona B. Lakini sikuweza kuvumilia. Katikati ya sentensi nikaweka maiki mezani nikasema, "Samahanini, tumbo," nikatoka nimeinama kidogo ili waamini.

Nikakimbia. Gunia lilikuwa kavu linatoa moshi, na asali ilikuwa imefura imefurika pembeni ya mfuniko, inatiririka kwenye bomba na kunukia kama sukari guru. Nikalivua gunia huku naungua vidole, nikalitumbukiza kwenye maji, nikalipiga pale kwenye kidirisha kwa nguvu zote, psssss! Mvuke ukanipanda usoni. Nikajipangusa kwenye suruali, nikajikaza, nikarudi ukumbini kwa mwendo wa mtu aliyepona tumbo.

Ukumbi ulikuwa umesimama. Wote wanaangalia televisheni, na televisheni ilikuwa nyekundu, inalia pii pii pii, na mstari wa chini umeanguka wima kama kitu kilichotupwa kisimani.

"Elisha, njoo uone!" Zuhura aliita kwa furaha. "Limetokea sasa hivi mbele ya macho yetu!"

Nikachukua maiki ili niseme neno la kitaalamu. Nikasema "Kama mnavyoona", nikataka kuihamishia mkono wa pili, ikagoma. Ilikuwa imenata kiganjani. Nikaivuta, ikatoka na uzi mrefu wa asali, ukining'inia, unang'aa mbele ya televisheni nyekundu, na yule mama aliyelima vizuri kuliko wote, aliyekaa karibu yangu, akanusa, akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia, "Mbona huyu kijana ananukia asali?"

Zuhura hakumsikia, au alijifanya. Alikuwa anafikiri. "Lakini angalieni hapa," akasema. "Mzee wa moto tunaye, amekaa hapa tangu asubuhi. Na mstari wa boila umetulia kabisa, haukutikisika. Kwa hiyo maji ya boila hayahusiki. Kuna kitu kinalipoza bomba kutoka nje." Akanigeukia. "Kona B si ni pale nyuma ya ngazi, karibu na kunawia mikono? Nakumbuka kile kidirisha tulikiacha sisi."

Masikio yangu yakaziba. Nyuma ya ngazi. Kawaya kembamba. Jamani, kule juu kwenye moto hakukuwa na Kona B yoyote, Kona B ilikuwa meko yangu.

"Ngojeni nitangulie," nikasema, "kule ni hatari."

"Twende wote," akasema Meneja.

Tukaenda wote. Wafanyakazi, wakulima, katibu, mweka hazina, tumepanga foleni kama tunakwenda kuaga mwili, na kadiri tulivyokaribia ndivyo harufu ilivyowapokea watu, wengine wakaanza kumeza mate. Kindoo kilikuwa hapo, kimevaa gunia lake linalofuka, asali imechora barabara ya dhahabu kwenye bomba la mvuke, na nyuki mmoja (haya, wawili) wanaizunguka.

Meneja Shabani akakiangalia kindoo, akamwangalia Mzee Mkumbo, kwa sababu eneo lile ukifuata ramani ya kazi ni la watu wa moto.

"Mzee. Hii ni sehemu yako. Hiki ni nini?"

Mzee Mkumbo akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa hajui, na nikaona usoni mwake jinsi mtu mzima anavyokuwa anapoulizwa mbele za watu kitu asichokijua, akijua kwamba hatasadikiwa. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nawaambieni ukweli, kwa kitambo kidogo niliipima. Halafu miguu yangu ikanipeleka mbele yenyewe.

"Ni yangu, Meneja."

"Nini chako?"

"Asali."

"Asali ya nini kwenye bomba la mvuke?"

"Ilikuwa imeganda, nilikuwa naiyeyusha. Siyo yangu ya kula. Ni ya… ni ya mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee Mkumbo. Leo jioni naenda kwake, namwoa Ester."

Nimeshasikia watu wakicheka maishani mwangu, lakini kicheko kile kilipaa mpaka kwenye mabati. Mweka hazina alikaa chini kabisa. Yule mama akapiga vigelegele vya harusi papo hapo. Zuhura alijifunika uso kwa laputopu, na alipopata pumzi akasema, huku machozi yanamtoka, "Mfumo haukukosea jamani, chuma kilikuwa kinapozwa kweli, umehesabu vizuri sana." Meneja akasema tu, "Bwana harusi, Jumatatu ofisini kwangu." Bomba likapimwa siku hiyo hiyo, likakutwa halijadhurika, ni pale juu juu tu palipokuwa panapozwa, na kinu hakikuzimwa hata kidogo.

Mtu mmoja tu hakucheka, na ndiye niliyemtafuta kwa macho. Mzee Mkumbo aliliangalia lile bomba muda mrefu.

"Kumbe asali yangu mwenyewe ndiyo ilikuwa inanifukuza kazi," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Jioni nilikwenda. Ningefanyaje? Mtu unaweza kukimbia kazi, ukwe haukimbiwi. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu, shangazi zake Ester walinipokea wamebana midomo, Ester mwenyewe alinipokea kikapu nilichobebea kindoo bila kuniangalia kwa sababu angenitazama angeangua kicheko mbele ya wazee. Mzee akaagiza asali imiminwe, kila mtu aonje. Ilimiminika vizuri, nyekundu, haina hata chenga moja. Mama Ester akalamba kijiko, akatafakari, akasema, "Tamu. Ila ina moshi." Mzee alikula chake chote, akapangusa kijiko.

Wakati wa kuondoka alinisindikiza mwenyewe mpaka kwenye uzio wa miiba. Nikamwambia, "Baba, naomba unisamehe." Nilidhani naomba msamaha wa asali. Akasimama.

"Ile mashine haikunikosea kitu," akasema. "Mashine hainijui. Wewe unanijua."

Nilibaki nimeshika kikapu kitupu, macho yananiwasha, na siyo kwa sababu ya mvuke. Naye akanigusa bega, mara moja, akasema, "Jumatatu, kabla hujakaa kwenye kiti chako, pitia kwangu," akarudi ndani.

Nilimwoa Ester, na Mzee alistaafu vizuri, kwa heshima zake zote, na mbuzi tukachinja. Nyuma ya ngazi pale kuna kibao, alikiandika Meneja kwa mkono wake kwa rangi nyekundu, HAIRUHUSIWI KUPASHA ASALI, na wageni wakija wanauliza maana yake na kila mtu ananyoosha kidole chumba changu. Mama nilimpigia kesho yake asubuhi, na kabla sijamaliza hata shikamoo akaniambia, "Uliipika."

Asali siku hizi nasubiri jua, ikiganda naianika juani taratibu mpaka ilegee, ikichukua wiki na ichukue. Ila kiapo changu chenyewe ni kingine. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye kiti changu, napita kwanza kwenye moto, nawaamkia waliopo, nakagua kwa macho yangu kila mahali ambapo kompyuta imepataja, na ikitokea siku nimeulizwa ni nani yuko kazini, silitaji jina la mtu nikanyamaza.